Fundi wa Kushindwa

Dada yangu amejenga maisha yake kwa kushindwa, na ninasema hivyo nikijua fika kwamba akiisoma sentensi hii atanuna mpaka wiki ijayo. Anune. Watu wengine wakiulizwa ndugu zao wanafanya kazi gani hujibu kwa neno moja, daktari, dereva, mpishi, wakaendelea na chai yao. Mimi nikiulizwa na wateja pale saluni kwangu inabidi nivute kiti. Nawaambia dada ni mhandisi wa programu za kompyuta. Wanasema, "Ahaa, anatengeneza kompyuta." Nasema hapana, kompyuta yake ikiharibika hata yeye huita fundi. "Sasa anafanya nini?" Hapo ndipo ninapowaambia kwamba kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kushindwa na binadamu, na kushindwa kwa adabu. Wanageuza vichwa kuniangalia kama nimechanganyikiwa, na mstari niliokuwa nauchana unapinda.

Tulizaliwa wawili tu, mabinti wa mwalimu mkuu, na kuwa mtoto wa mwalimu mkuu ni kuishi shuleni bila kengele ya kwenda nyumbani. Baba alikuwa na sheria nyingi, ila kubwa ilikuwa moja: hakuna anayeanza kabla yake. Kula anaanza yeye, gazeti anaanza yeye, maji ya moto ya kuoga anaanza yeye. Jioni tukitandika kipande cha boksi kilichochorwa miraba na kupanga vifuniko vya chupa ili tucheze drafti, kete ya kwanza ni yake. Dada aliwahi kuthubutu kuuliza kwa nini.

"Ukiwa na nyumba yako," Baba akamjibu, "utaanza wewe. Hapa kwangu, fuata."

Jambo la pili la kujua kuhusu dada ni kwamba hajui kudanganya. Mimi nilikuwa nadanganya papo hapo, macho makavu, hata swali halijaisha. Dada akiulizwa nani amemaliza sukari, kwanza ananyamaza. Anavuta pumzi moja, anatazama pembeni kana kwamba kuna maandishi ukutani, halafu ndipo anasema, "Sijui, Baba." Baba hakuhitaji ushahidi mwingine. Tulikuwa tukideki nyumba nzima wote wawili kwa sababu ya kimya kile, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye chumba kimoja juu ya duka la matairi. Walikuwa vijana wachache, feni moja iliyozunguka kwa kulalamika, nyaya zimetambaa sakafuni kila mahali, na chini yao watu wakigonga ringi kutwa nzima. Walikuwa wanatengeneza gemu. Mchezaji ni mwizi, anaingia kwenye jumba la tajiri kuiba funguo, na walinzi wanamsaka. Wenzake walichora jumba, wengine wakatunga muziki. Dada akapewa walinzi. Yaani kila kilichokuwa kichwani mwa mlinzi, aone nini, asikie nini, amkimbilie nani, dada ndiye aliyekiandika.

Wiki za mwanzo alitia aibu. Kulikuwa na mbwa mkali katika lile jumba, na walinzi walitakiwa kumwogopa. Dada akaweka alama ya kujumlisha mahali pa kutoa, basi mbwa akibweka tu walinzi wote waliacha malindo, wakamkimbilia na kumzunguka kama shangazi waliomwona mtoto mchanga. Mwizi anapita, anachukua funguo, anaondoka zake. Bosi wao alicheka mpaka akateremka ngazi kuwaeleza watu wa matairi. Waliliacha kosa hilo ndani ya gemu, na nasikia kuna watu waliolinunua kwa ajili ya mbwa yule peke yake.

Aliporekebisha walinzi, wakawa hodari kupita kiasi. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mjaribishaji wake, bila malipo. Nilikuwa nakaa kwenye zulia, nabonyeza vitufe, mlinzi ananiona, ananifyatulia, nakufa. Naanza tena, nakufa. Siku moja nikasema, "Dada, gemu lako lina roho mbaya," nikamtupia kidude cha kuchezea, nikaenda zangu jikoni. Hakukasirika. Nilikuja kugundua kwamba wakati wote ule hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi mikono.

Ndipo akabuni jambo lake. Mlinzi alikuona, akainua bunduki, halafu akasita, kidogo tu, kiasi cha pumzi moja. Kisha akafyatua, risasi ikapita sikioni. Bila kile kisito mchezaji anajua amehurumiwa, na hakuna anayependa kuhurumiwa. Akiwekewa kile kisito anaamini amepona kwa ujanja wake. Nilicheza gemu hilo jipya, nikashinda, nikarukaruka sebuleni nikijisifu, na dada amekaa pale kimya na uso wake wa upole. Ofisini wakampa jina, Fundi wa Kushindwa. Kila gemu lililotoka katika chumba kile, awe adui ni jitu, joka au kocha wa timu pinzani, alishindwa kwa mkono wa dada yangu.

Halafu kampuni ikanunuliwa. Mwenye mali mpya alivaa viatu visivyo na soksi, na alikuja na wazo kwamba adui wasishindwe kabisa mpaka mchezaji alipie. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, akakunja kompyuta yake.

"Mimi nafundisha kushindwa," akamwambia. "Kukaba watu sijasomea."

Akarudi nyumbani na sanduku lenye kikombe, mto wa kiti na sanamu ya yule mbwa. Nilijivunia dada yangu siku hiyo, nikamtengeneza nywele bure, na nikamkumbusha hilo la bure mara kwa mara.

Kurudi kwake kulikutana na kustaafu kwa Baba. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, nyumba ilikuwa pana ghafla, na mwalimu mkuu asiye na shule ni kitu cha kusikitisha kukitazama. Alikaa kwenye kiti chake na fulana ya ndani mpaka adhuhuri. Hakuanza gazeti. Chakula ukimwekea anasema, "Anzeni tu." Neno hilo lilitutisha kuliko ugonjwa. Mimi nilijaribu kelele, maana ndiyo dawa ninayoijua. Dada akajifungia chumbani, akatoka na tableti yenye drafti ndani.

"Baba," akasema, "nimetengeneza mpinzani. Mimi mwenyewe simwezi."

Alinyamaza kwanza, pumzi moja, kabla ya kusema hivyo. Mimi niliona. Nilidhani Baba, kwa hali aliyokuwa nayo, hakuona.

Baba akaanza, kama kawaida. Akacheza, akabanwa, akatoa jasho, mwisho akashinda kwa kete moja. Kesho yake akashinda tena. Katika wiki ile akanyoa ndevu. Baada ya hapo akavaa shati, kisha akatoka nje, na haukupita muda tukaanza kusikia sifa zake kutoka kwa kinyozi wa mtaani, ambaye kibanda chake kilikuwa bunge la wastaafu wote. Mwalimu anapiga kompyuta! Kompyuta, jamani, si mtu! Dada alikuwa amepanga kila kitu: programu ile ilikuwa imeandikwa ishindwe, kwa taabu, kwa tofauti ndogo, na kile kisito chake kikiwekwa kabla ya kila kosa la makusudi. Akanipeleka nyuma ya nyumba penye kamba ya nguo.

"Baba akijua, tumemuua," akaniambia. "Usinifanyie utani kwa hili, mdogo wangu."

Sikufanya utani. Hata mimi nina mipaka, ingawa watu hawaamini. Baadaye alipohamia kwake, kila jioni alimpigia Baba simu na swali lilelile, "Baba, leo umeshinda?" Na Baba kwa sauti ya mkutanoni, "Nimelichapa!" Dada akishakata simu hiyo, ndipo chakula chake kilipopita kooni.

Alipata kazi nyingine kwenye kampuni ya mashine zinazojifunza. Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Zamani dada alikuwa anaiandikia kompyuta kila hatua: ukiona mwizi, fanya hivi. Hizi mpya huziandikii hatua. Unazionyesha mifano, maelfu kwa maelfu, mpaka zenyewe zishike mwenendo. Ni kama mtoto, dada alisema, husikii lolote analojifunza, unashtukia tu siku moja ametoa neno ulilomtukania jirani.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa nyanya. Mfanyabiashara mmoja wa mboga alitaka kamera imtenganishie nyanya zilizoiva na mbichi. Wakapiga picha za nyanya mpaka wakazichukia. Mashine ikajifunza, ikafaulu mitihani yote, wakapongezana. Siku ya kuionyesha, meneja wao, mtu mnene mwenye upara unaong'aa, akakatiza mbele ya kamera na shati lake la bluu, na skrini ikaandika kwa herufi kubwa: IMEIVA. Kumbe nyanya zote zilizoiva zilipigwa picha ndani ya kreti za bluu. Mashine haikujua nyanya ni nini. Ilijua bluu. Meneja hakuvaa lile shati tena, na mpaka leo wafanyakazi wakimwona amechelewa kikaoni huulizana kama bado hajaiva.

Dada alitakiwa ajifunze hapo. Mashine hushika kile ulichoiwekea mbele, hata kama wewe hukukiona. Alijifunza kwa nyanya, kwa Baba akasahau.

Maana ikaja kazi ya nyumba za wazee. Mama mmoja mwenye nyumba kadhaa za kutunzia wazee, mama mzito wa maneno, miwani imening'inia kifuani, alitaka mashine ya kucheza drafti na wazee wake. Sharti lake lilikuwa icheze kwa haki. Meneja akampa dada kazi, na dada akaona mbona rahisi: ana michezo ya Baba, miaka mizima, kila kete imehifadhiwa pamoja na muda uliotumika kuifikiria. Akaimwaga yote ndani ya mashine. Ule muda aliuacha humohumo makusudi, ili mashine isicheze mbiombio ikawatia wazee hofu. Mashine ikajifunza. Pale ofisini ikawapiga vijana wote, mmoja baada ya mwingine, na meneja akasema siku ya kumwonyesha yule mama lazima aletwe mzee wa kweli wa kucheza nayo.

"Si una baba yako?" akamwambia dada. "Yule anayepiga kompyuta?"

Dada alikuja saluni kwangu uso umemshuka. Akajitupa kwenye kiti cha kuoshea nywele, shingo kwenye beseni, anatazama dari.

"Hii haijui huruma," akasema. "Itamvua nguo mbele za watu. Atajua kwamba ile ya nyumbani ilikuwa inamwachia."

"Basi iwekee huruma kidogo."

"Nimeahidi haki. Yule mama ndicho anacholipia." Akafumba macho. "Atarudi kwenye fulana yake. Namwona kabisa, amekaa."

Nilimmwagia maji ya baridi bila kumwambia, nikamwacha apige kelele kidogo, kwa sababu kilio kilikuwa kinakuja na sikutaka wateja wakione.

Tulimwambia Baba ukweli nusu. Dada akamweleza kwamba hii ni mashine nyingine, imejifunza yenyewe, haipendelei mtu, na kwamba kushindwa nayo si aibu. Nilitegemea angekunja uso. Baba akakaa wima.

"Haipendelei mtu? Kabisa?"

"Kabisa, Baba."

"Inaweza kunifunga?"

"Inaweza."

Wiki ile Baba hakushikika. Alipiga pasi koti mwenyewe. Alikwenda kwa kinyozi kufanya mazoezi, na nikasikia kwamba kinyozi alimfunga mara kadhaa, jambo lililonishangaza, na kwamba alirudi nyumbani anapiga mluzi, jambo lililonishangaza zaidi. Aliita mashine ile mjukuu wake. "Nakwenda kumwona mjukuu," aliwaambia majirani, na dada, aliyekuwa amechoshwa na maswali ya ndugu kuhusu kuolewa na kuzaa, akaona hata kompyuta sasa inamsema.

Siku ikafika. Nilifunga saluni, nikaenda kumshikia Baba koti. Chumba chenyewe kilikuwa cha vioo, meza ndefu, chupa za maji zimepangwa mstari, skrini kubwa ukutani ili kila mtu aone ubao. Yule mama wa nyumba za wazee alikaa mbele na miwani yake. Meneja alivaa shati la njano.

"Shikamoo Mzee," akasema meneja. "Karibu sana. Utaratibu ni rahisi. Mashine itaanza, kisha wewe utafuata."

Baba alikuwa anavuta kiti. Akaacha kuvuta.

"Itaanza?"

"Ndiyo, Mzee. Ndivyo tulivyoipanga."

"Kijana wangu," Baba akasema, "mimi ndiye niliyemzaa aliyeizaa hiyo mashine. Mjukuu anaanzaje kabla ya babu yake?"

Watu wakacheka. Yule mama akasema mwacheni Mzee aanze. Meneja akamkonyeza dada, dada akabonyeza kitufe, na mimi nikamwona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyefunga mlango akakumbuka funguo ziko ndani. Wakati ule sikuelewa. Baadaye alinieleza. Katika michezo yote ile ya nyumbani aliyeanza ni Baba, hakuna hata mmoja ulioanza vingine. Mashine ilijifunza hivyohivyo: ukianza, cheza kama Baba, ukifuata, cheza kama ile programu ya zamani. Ofisini waliijaribu ikiwa inaanza, siku zote. Hakuna aliyewahi kuifuatisha. Kosa kama lile lisingetokea katika nyumba nyingine yoyote.

Baba akasogeza kete. Mashine ikajibu. Kete tatu nne za mwanzo zilikwenda vizuri, Baba ameinama, mikono imekunjwa, macho yanametameta kama kijana. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu Mama akiwa hai. Kisha akaweka mtego mdogo, wa kitoto, hata mimi niliuona. Mashine ilipaswa kuuona pia.

Mashine ikanyamaza. Pumzi moja.

Halafu ikaingia mtegoni.

Baba hakula haraka. Aliinua kichwa polepole akamtazama dada. Dada akatazama pembeni, ukutani, pasipokuwa na maandishi yoyote. Baba akatikisa kichwa, akavua saa yake na kuiweka mezani, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kumsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa. Akala ile kete. Zamu yake iliyofuata, akaisukuma kete yake nzuri kuliko zote katikati ya adui, wazi, bila kinga.

Katika drafti kula ni lazima. Mashine haikuwa na njia, ikala. Zamu iliyofuata ikasita, ikampa Baba kete yake. Baba, kwa kuwa kula ni lazima, akala huku amekunja sura kama anayemeza kidonge. Akatoa nyingine. Mashine ikala, ikasita, ikatoa nyingine. Basi ndugu zangu, hapo nikashuhudia mchezo ambao sijauona kabla wala baada: mzee wa watu na mashine ya kisasa wakigombania kushindwa, kila mmoja akimbembeleza mwenzake amle, na kila aliyekula akila kwa uchungu. Meneja alikuwa ameloa kwapani. Yule mama alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Mimi nilijiziba mdomo kwa koti la Baba.

Baba alishinda kwenye kushindwa. Alibaki na kete moja, akaipeleka mwenyewe mbele ya mbili za mashine, akaegemea kiti. Mashine ikakaa kimya pumzi ndefu kuliko zote. Ikala.

"Nimefungwa!" Baba akapiga meza. "Nimefungwa, jamani!"

Yule mama akauliza kwa upole, "Mzee, kwa hiyo mashine ni nzuri?"

"Ni mwongo," Baba akasema. "Mwongo mwenye malezi mazuri, lakini mwongo. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, mama. Huyu kila anapotaka kudanganya ananyamaza kwanza. Hata sihitaji kuuliza ni mtoto wa nani."

Chumba kizima kikamgeukia dada. Na yeye, safari hii, hakunyamaza. Alisimama, akasema yote moja kwa moja: michezo ilitoka wapi, kwa nini mashine ikifuata inajiachia, kwamba kosa ni lake na meneja hakujua. Hakusita hata kidogo. Niliona fahari na huruma vikinipanda kwa pamoja, nikabaki nafuta macho kwa koti, ambalo lilikuwa limepigwa pasi bure.

Yule mama alikaa akifikiri. "Wazee wangu wanadanganywa na kila mtu," akasema. "Watoto wao, madaktari, hata mimi. Kila asubuhi tunawaambia wanapendeza. Nenda kairekebishe, binti, kisha mniite tena. Na huyu mzee awepo. Mwingine sitamwamini." Meneja akanywa chupa nzima ya maji bila kupumzika.

Njiani kurudi dada na Baba walikaa nyuma kwenye teksi, mbele mimi na koti. Mwisho dada akauliza, akiangalia barabara, "Ulijua lini, Baba?"

"Lini? Wiki ile ile ya kwanza. Siku ile uliponiambia mwenyewe humwezi, ukatazama ukuta."

"Na miaka yote hii ukacheza?"

"Ningefanyaje? Kila jioni mtoto anapiga simu, 'Baba, umeshinda?' Wengine pale mtaani wana watoto wanaopiga mwisho wa mwaka." Akanyoosha kola. "Nikasema, kama bei ya simu ni kupiga kompyuta kila siku, nitapiga. Ila kuchosha kulichosha. Uliponiambia kuna mashine ya haki, nikafurahi kweli. Nikasema hatimaye mtu atanifunga. Nakuja, nakuta ni wewe tena!"

Dada akaanza kucheka, kisha haikuwa kicheko, na dereva wa teksi kwa heshima akawasha redio.

Nyumbani Baba hakuvua hata viatu. Alikwenda kabatini akatoa kile kipande cha boksi, pembe zake zimeliwa na mende, na mfuko wa vifuniko vya chupa. Akavipanga mezani mwenyewe. Akamwonyesha dada kiti cha upande wa pili.

"Kaa. Bila mashine, bila huruma. Ukinionea huruma nitajua."

Dada akakaa. Akaweka mikono magotini, anasubiri, kama tulivyosubiri utoto wetu wote. Baba naye hakugusa kete. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, sithubutu kumimina.

"Anza wewe," Baba akasema.

Dada akainua macho. Akanyoosha mkono juu ya kete, halafu akasita. Pumzi moja.

"Hapo," Baba akamwuliza, "unafikiri au unadanganya?"

"Nafikiri, Baba."

"Haya. Fikiri."